Hii Niimeze na Nini?

Kuandika “1 x 2” kwenye bahasha ya dawa hakutoshi. Dawa mseto ya malaria yenye artemether na lumefantrine hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa na maziwa au chakula chenye mafuta. Lakini maziwa hayohayo huishika antibiotiki iitwayo siprofloksasini tumboni, ikaingia kwenye damu pungufu ya kiwango kinachotakiwa. Mjamzito naye akimeza vidonge vya madini ya chuma kwa chai ya rangi, chai hiyo hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo. Wapo watakaosema foleni ni ndefu na wahudumu wachache. Ni kweli kabisa. Ila sentensi moja ya kumweleza mgonjwa ameze dawa na nini haimalizi hata dakika, ilhali ugonjwa usiopona humrudisha mgonjwa kwenye foleni ileile. Nawe msomaji, usiondoke kwenye dirisha la dawa kabla hujauliza.