Isome Herufi Kabla ya Kuiuza

Ndugu msomaji, kwetu Mara, kutoka Nyansurura hadi Nyamongo, tukitaja dhahabu twafikiria mwamba, sururu na mizani. Lakini iko dhahabu nyingine iliyolala masandukuni: sarafu walizoachiwa mabibi.

Pauni ya Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza toka 1837 hadi 1901, ina uzito wa karibu gramu 8, na sehemu 22 katika 24 ni dhahabu tupu. Itazame vizuri. Herufi ndogo S yaonyesha kuwa ilipigwa Sydney, M, Melbourne, P, Perth. Isiyo na alama hiyo kwa kawaida yatoka London. Ukiona B.P. usibabaike: ni jina la mchongaji, Pistrucci. Uzito ni ule ule, ila mkusanyaji hulipa zaidi kwa iliyo adimu.

Nasi tuna herufi yetu: T. Mwaka 1916, manowari za Kiingereza zikiwa zimeziba pwani, Wajerumani walipiga Tabora, katika karakana ya reli, sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Zina picha ya tembo, na mlima nyuma yake. Zilipigwa 16,000 na ushei tu.

Basi, ndugu, urithi wa namna hiyo usiusugue kwa mchanga, wala usiutoboe uwe kidani. Na kabla sonara hajawasha moto, isome herufi kwanza. Gramu za dhahabu zaweza kununuliwa tena. Sarafu iliyoyeyushwa hairudi.