Usizibe Kila Ufa

Methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," yajulikana na kila mwanafunzi. Lakini yuko mtu mmoja ambaye methali hiyo yampoteza, naye ni mwenye pikipiki. Akiona ukungu ndani ya kioo cha saa ya mwendo, mara hukimbilia gundi akaziba kila tundu. Kwa maoni yangu, afanyaye hivyo huyafungia maji ndani badala ya kuyafungia nje.

Tuliyojifunza darasani yatosha kueleza sababu. Hewa ya moto huchukua mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 30 yaweza kuchukua mvuke wa gramu 30 hivi. Ikipoa hadi digrii 20, haiwezi kuchukua zaidi ya gramu 17 hivi. Mvuke unaozidi hugeuka maji. Tumtazame mtu atokaye Mombo wakati wa joto akapanda Lushoto, mji ulio karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Saa yake imejaa hewa ya bondeni. Usiku kioo hupoa, na asubuhi huona matone ndani, ingawa mvua haikunyesha.

Tena, hewa ikipoa hunywea, na saa huvuta nyingine kutoka nje. Kwa hiyo si vizuri kuosha pikipiki ingali moto, kwani hapo saa huvuta maji pamoja na hewa.

Basi lifanywe nini? Kwanza, pikipiki ipoe kabla ya kuoshwa, na saa ifutwe kwa kitambaa tu, isipigwe mpira wa maji. Pili, saa nyingi zina tundu dogo upande wa chini. Tundu hilo lisizibwe, bali liondolewe tope, maana ndiyo njia ya kutokea maji na mvuke. Tatu, raba ya kioo ikipasuka ibadilishwe. Hapo ndipo pa kuziba kwa haki. Mwisho, ikiwa maji yamekwisha ingia, fundi aifungue saa, ailaze usiku kucha katika kopo lililofunikwa vizuri, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyowekwa katika maboksi ya viatu vipya. Punje hizo hunyonya mvuke. Kisha aifunge upesi.

Wako watakaosema kwamba saa si kitu, maadamu injini yanguruma. Mimi sikubaliani nao. Sheria ya Tanzania yamkataza dereva kuzidi kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Atajuaje mwendo wake ikiwa mshale hauonekani, au vyuma vyake vimeshikwa na kutu? Huyo hukisia mwendo kwa upepo wa masikioni, na huku nyuma amempakia mtoto wa shule.

Tuzibe nyufa za kuta zetu, wenzangu, lakini saa ya pikipiki tuiache ipumue.