Pazia la Nyumba Liwe Mkononi mwa Nani?

Siku hizi mtu akijenga nyumba haulizwi tena ameezeka kwa nini. Huulizwa kama nyumba yake ina akili. Taa ziwake zenyewe, lango lifunguke lenyewe, na mapazia yapande na kushuka bila ya mkono wa mtu kuyagusa. Sina ugomvi na hayo. Lakini Desemba iliyopita nilikuwa Suneka, huko Kisii, nikaona jambo ambalo ni haki nilieleze katika ukurasa huu, kwani mitindo ya bara haikawii kushuka pwani, na huu umekwisha kufika.

Suneka ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori. Ni nchi ya vilima na migomba, na mvua yake haibembelezi. Huja alasiri na radi, na radi za Kisii zina sifa nchini kote. Huko ndiko alikoolewa binti wa dada yangu. Mumewe anafanya kazi Doha, Qatar, na kwa jasho lake amejenga nyumba ya ghorofa moja, madirisha yake ya vioo yakianzia karibu na sakafu na kuishia darini. Akanipigia simu: "Mjomba, wewe ni mtu mzima. Tafadhali nenda ukakae na fundi wa mapazia. Nataka yawe ya mota, nyumba nzima, na yote niyaendeshe kwa simu yangu."

Nikaenda. Nilikuta ya sebuleni yamekwisha tiwa kwa majaribio.

Siku ya kwanza, yapata saa kumi na moja kasoro robo za jioni, jua lingali likiwaka, mapazia yakateremka yenyewe kwa mlio mdogo kama wa nyuki. Sebule ikawa kiza. Mama mkwe wa binti, bibi mzee, akaanza kuwaita wajukuu waingie ndani, akidhani mvua imekuja. Kumbe mtambo uliamriwa ufunge mapazia jua likichwa, na jua lenyewe lilikuwa la Doha, maadamu simu iliyoupanga ilikuwa Doha. Mwezi wa Desemba jua la huko huchwa mapema hivyo, ilhali la Suneka halichwi mpaka saa kumi na mbili na nusu zimepita. Saa za nchi hizi mbili ni sawa, lakini jua lao silo moja. Tukacheka sana.

Usiku wa tatu hatukucheka. Ilikuwa baada ya isha, mvua inanyesha. Binti amekaa sebuleni mwake, kichwa wazi, kajifunga kanga, ananyonyesha mtoto, na taa zote zinawaka. Mara mapazia yakapanda, yote manne kwa pamoja. Ukuta wa ua ulikuwa haujajengwa, na chini ya ukingo wa paa walikuwako vijana wa bodaboda waliojikinga mvua. Binti hakupiga kelele. Aliinuka na mtoto wake, akajibanza nyuma ya nguzo, akapapasa ukutani kutafuta swichi. Swichi haikuwako. Hapo ndipo aliponiita. Nilipotoka chumbani, wale vijana, Mungu awalipe adabu yao, walikuwa wamekwisha geuza nyuso zao upande wa barabara.

Na mume? Huko aliko alikuwa akiwaonyesha wenzake maajabu ya nyumba yake, akabonyeza. Hakukusudia ubaya hata chembe. Lakini mimi nilipolala usiku ule nilijiuliza: hili pazia ni la nani? La aliyelinunua, au la aliyekaa nyuma yake?

Wazee wetu walikwisha jibu. Nyumba kongwe za Lamu, mji uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, zilimpokea mgeni hatua kwa hatua: kwanza daka, kisha kiwanda, kisha misana, na ndani kabisa chumba kisichofikiwa na jicho la mpita njia. Mombasa na Unguja, madirisha ya mbao yalitiwa vibao vya kuinamisha. Aliye ndani aliona njia, aliye njiani hakumwona, na upepo ulipita. Fundi alijua kwamba mkono wa kuviinamisha vile vibao ni wa aliye ndani. Na katika Sura ya An-Nur zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumba na watumishi yawapasa waombe idhini kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, mchana watu wanapopumzisha nguo zao, na baada ya isha. Ikiwa mtoto wa nyumba hupiga hodi saa hizo, itakuwaje mota ipande bila hodi?

Basi msomaji asinifahamu vibaya kwamba nasema mapazia haya yasinunuliwe. Mota yenyewe si uchawi wala si kitu kipya. Ni mtambo mwembamba unaofichwa ndani ya bomba ambalo kitambaa hujiviringisha, na kampuni ya Somfy ya Ufaransa, moja ya zilizojulikana zaidi kwa kazi hii, ilianzishwa mwaka 1969. Tena ina rehema zake. Yule bibi ana baridi yabisi ya vidole, hawezi kuvuta kamba, lakini kitufe anabonyeza. Na kamba zenyewe si salama. Katika nchi nyingi watoto wachanga wamejinyonga kwa kamba za mapazia, hata huko Marekani ikatolewa kanuni iliyoanza mwaka 2024 ya kuziondoa katika mapazia mengi. Ninalosema ni kwamba watu huchagua rangi kwanza, na rangi ndiyo ya mwisho.

La kwanza ni kuchagua dirisha. Suneka iko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja. Jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima, kwa hiyo madirisha ya pande hizo mbili ndiyo yenye kuumizwa na mwanga. Ya kaskazini na kusini hayana shida kubwa. Tulizunguka nyumba nzima na fundi, tukaona mota zinahitajika kwenye dirisha la ngazi lisilofikiwa na mkono, madirisha ya sebule yanayotazama magharibi, na chumba cha bibi. Mengine yatatosheka na pazia la kitambaa na pete zake, kama la mama zetu.

La pili ni kitambaa. Viko vitambaa vyenye vitundu vidogo ambavyo mchana humruhusu aliye ndani kuona nje bila ya kuonekana. Muuzaji atakuonyesha mchana, nawe utafurahi. Lakini jicho hufuata mwanga, na usiku taa zikiwaka mambo hupinduka: wewe huoni nje, na wa nje anakuona wewe. Dawa yake ni kutia mapazia mawili kwenye dirisha moja, la mchana na la usiku lisilopitisha mwanga. Na kabla ya kulipa, washa taa usiku, toka nje, simama barabarani utazame nyumba yako mwenyewe. Sisi tulifanya hivyo, na kitambaa kilichokwisha lipiwa amana kikarudishwa.

La tatu ni umeme. Mota ya waya, umeme ukikatika, husimama pale pale ilipo, na nyingi hazina njia ya kushushwa kwa mkono. Uliza hilo kabla. Uliza pia kama ni ya volti 240 kama umeme wetu, kwa sababu zile zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba za Marekani hutaka 120. Mahali pa radi kama Kisii, waya unaweza kuleta msukosuko ukaunguza mtambo. Mota ya betri ya kuchaji haijafungamana na waya wa ukutani, nasi tukaichagua hiyo kwa sehemu kubwa. Watu wa pwani waongeze swali moja: chuma chake ni cha namna gani? Chumvi ya bahari haina huruma na skrubu.

La nne, na ndilo kubwa, ni amri. Mifumo mingine hupeleka amri ya simu yako mpaka kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo, kisha amri irudi kwenye pazia lililo hatua mbili kutoka ulipokaa. Kampuni ikifunga duka, amri hukatika. Mtambo wa nyumbani ulioitwa Revolv ulizimwa na wenyewe mwaka 2016, ukawa sanduku tupu. Aprili 2022 mitambo ya kompyuta ya Insteon, kampuni ya Marekani, ilizimika ghafula, na wateja wakaamka wakakuta simu zao hazina la kusema nyumbani mwao. Mwaka huo huo kampuni nyingi zilitoa kanuni ya pamoja iitwayo Matter, ili vyombo vya kampuni mbalimbali visikilizane, na humo humo nyumbani. Ni afadhali kununua chenye kufuata kanuni hiyo. Lakini afadhali zaidi ni kitufe ukutani, kinachofanya kazi simu ikiwa imekufa, intaneti imekatika, na mwenye simu yuko Doha. Na ukipanga mtambo ujiendeshe wenyewe, uandikie mahali nyumba ilipo. Jua la Suneka huwa nyuma ya la Mombasa kwa dakika kama 20, sembuse la Doha.

Yuko atakayesema: mume ndiye mwenye nyumba, fedha ni zake, amri ni yake. Mimi najibu kwamba nguo pia mume hununua, lakini avaaye ndiye afungaye vifungo. Stara ikishikwa na aliye mbali haiwi stara tena, hata akiwa ni mtu mwema na mwenye kupenda.

Nilimpigia nikamweleza hayo, nikitaraji atabisha. Hakubisha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mjomba, mimi sikutaka kumtawala mtu. Huku naishi chumba kimoja na watu sita. Nikifungua pazia la nyumba yangu alfajiri, naona kama nimeamkia kwangu."

Maneno yale yaliniingia, na nakiri kwamba sikuwa nimeyafikiria. Nilikuwa nimehesabu madirisha, volti na vitambaa, sikuhesabu upweke wa mtu aliyejenga nyumba asiyolala.

Tukakubaliana hivi. Simu yake ikatolewa katika mapazia ya sebule na ya vyumba, na swichi ikatiwa ukutani kila penye mota. Amri ya simu akaachiwa mkewe. Yeye mume akabakiziwa pazia moja tu, la dirisha la ngazi, linalotazama migomba, mahali ambapo mtu hupita wala hakai.

Asubuhi niliyoondoka nilikuwa nimekwisha sali, nimeketi chini ya ngazi na begi langu nikingoja gari. Nikausikia ule mlio wa nyuki. Pazia la juu likapanda taratibu, mwanga wa kijivu ukaingia, na migomba ikaonekana imelowa. Bibi alikuwa anapita na birika la chai. Akainua macho, akasema, "Amekwisha amka," kisha akaenda zake jikoni.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Mwenye kujenga na ayapime, na mwenye rai nyingine asichelee kuandika.