Apolo na Washona Mahema

Zamani za misioni za kwanza, katika Kenya na Uganda, Mkristo aliitwa msomaji. Wakikuyu walisema athomi, Waganda wakasema abasomi, na maana yake ni moja. Aliyetaka ubatizo alipewa kitabu kwanza, akakaa darasani mpaka aweze kujibu maswali ya mwalimu wake. Jina hilo lilikuwa la heshima, tena lilileta faida kubwa, maana shule nyingi zilianza katika madarasa hayo. Lakini lilizaa na kosa moja ambalo halijatoka makanisani hata leo, nalo ni kudhani kwamba mtu akiisha kusoma amekwisha kufahamu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, imo habari ambayo yafaa kila mhubiri kijana aifikiri. Apolo alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Iskanderia, mji wa Misri uliosifiwa kwa wanazuoni wake. Alikuwa fasaha wa maneno, aliyajua sana Maandiko, na bidii yake ilikuwa kama moto. Alipofika Efeso alinena katika sinagogi kwa ushujaa, na aliyoyafundisha juu ya Yesu yalikuwa sahihi. Hata hivyo alijua ubatizo wa Yohana tu. Alikuwa kama mtu anayewakaribisha wageni nyumbani akiwa amesimama kizingitini, na mwenyewe hajaona vyumba vya ndani.

Walioutambua upungufu huo hawakuwa makuhani. Walikuwa mke na mume, Prisila na Akila, washona mahema. Hawa walikuwa wameondoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi watoke Rumi, wakahamia Korintho. Huko Paulo, ambaye ufundi wake ulikuwa ule ule, alikaa kwao na kufanya kazi pamoja nao. Alikaa katika mji huo mwaka mmoja na miezi sita. Basi si ajabu kwamba mafundi hao walifahamu jambo ambalo msomi wa Iskanderia hakulipata.

Tena hawakumkatiza Apolo mbele ya watu, wala hawakungoja aondoke wapate kumcheka kisogoni. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Jina la mke limetangulia katika habari hiyo, jambo lisilo la desturi katika maandiko ya zama zile. Wazee wa kanisa wanaodhani kwamba kazi ya akina mama ni kufagia na kupika chai ya wageni wangefaa kuisoma tena sura hiyo.

Ni rahisi kuwasifu walimu hao wawili na kumsahau mwanafunzi. Kijana wa siku hizi, mwenye cheti mfukoni na viatu vilivyong'arishwa, akisahihishwa na mshonaji wa sokoni, mara nyingi hutafuta kanisa jingine. Apolo alisikiliza. Kisha akavuka kwenda Akaya, akawafaa sana walioamini, na katika mabishano ya hadhara hakuna aliyemshinda. Elimu yake haikutupwa. Ilipata msingi wa kusimamia.

Yuko Mwafrika mashuhuri aliyelichukua jina hilo alipobatizwa Uganda mwaka 1895, naye ni Apolo Kivebulaya. Mwaka 1896 alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Tabaro, mtawala wa huko, alimpinga na kumtesa, lakini baadaye akabatizwa. Elimu ya shule ya Kivebulaya ilikuwa ndogo. Hata hivyo aliwafuata Wambuti katika msitu wa Ituri, na kabla ya kufa kwake mwaka 1933 alikuwa ameifasiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Kazi kama hiyo haidanganyiki. Mtu aweza kukariri aya asiyoifahamu, akasifiwa na mwalimu, akapewa na cheti. Lakini kuifasiri kwa watu ambao hawajapata kuisikia hawezi, kwa kuwa kila neno litamwuliza maana yake.

Hiyo yaweza kuwa njia njema ya kupima darasa la ubatizo. Mwanafunzi akiisha kujibu maswali yote ya katekisimo bila kukosea, mwalimu asimpige muhuri upesi. Amwambie aende nyumbani, ayaeleze majibu yale yale kwa lugha ya mama yake, mbele ya nyanya yake ambaye hakusoma kitabu, kisha arudi juma la pili na maswali aliyoulizwa.