Pwani bila Ujia

Likizo ifikapo, wazazi wa mijini huulizana ni wapi penye bwawa la watoto kuchezea maji, na kiingilio ni kiasi gani. Sisi wa Kilifi tuna Bofa. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, ufuo hupanuka na mtoto akacheza katika maji ya magotini pasi na kulipa senti.

Disemba iliyopita niliwapeleka wanangu. Ujia tuliouzoea tuliukuta umezibwa kwa ukuta. Tukazunguka juani kitambo kirefu, hata tulipofika maji yalikwisha kujaa.

Neno "pwani" latokana na kitenzi "pwa" na kiambishi "-ni": mahali maji yapwapo. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 yaitaja ardhi iyo hiyo, baina ya maji kujaa na maji kupwa, kuwa ardhi ya umma. Mwenye kiwanja, basi, ana hati ya kiwanja. Ya pwani hana. Lakini pwani isiyo na ujia ni ya umma wa samaki tu. Serikali ya Kaunti na ivipime vijia vya Bofa, ivitie ramanini na kuviwekea vibao kabla ya likizo ijayo.