Mistari meusi kwenye tivii si ubovu, acheni kuvuta picha!

Nimepotea kidogo, si mnajua majaribio ya wiki hizi hayana huruma. Leo naomba niseme jambo moja linalonikera tangu mwaka wa kwanza, na najua wapo watakaonuna. Ni ile tabia ya kushika rimoti ya tivii ya hosteli na kubonyeza bonyeza mpaka picha ijae kioo chote. Mimi naona ni uharibifu. Na naona sisi wa Ualimu ndio tungetakiwa kuiacha kwanza, sababu nitazisema.

Tuelewane kwanza hiyo mistari inatoka wapi. Tivii za zamani, zile zenye mgongo, kioo chake kilikuwa 4 kwa 3: kama upana ni sentimita 40, kimo ni 30. TV Zanzibar ilipoanza mwaka 1973 picha ilikuwa ya umbo hilo, na ITV ilipoanza huku bara mwaka 1994 ilikuwa hivyo hivyo. Hizi bapa za sasa ni 16 kwa 9. Sasa ukichukua picha ya 4 kwa 3 ukaiweka kwenye kioo cha 16 kwa 9, lazima pembeni pabaki nafasi. Hakuna ujanja. Ama uache nyeusi pembeni, ama uivute picha, ama uikate juu na chini. Tivii inapokuwekea nyeusi haijaharibika, inakuonyesha kile kilichopigwa, basi.

Ukivuta, kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja. Hiyo ni hesabu tu, gawanya 16/9 kwa 4/3 utapata 1.33. Juzi jamaa waliweka ile mechi ya Argentina na England ya Kombe la Dunia 1986. Maradona alikuwa mfupi aliyejazia, sawa, lakini siyo kiasi kile jamani! Alionekana kama friji linalokimbia. Na mpira ulikuwa yai. Nikauliza kwani hamuoni, nikajibiwa "kioo kimenunuliwa chote, tukitumie chote". Ni hoja ya mtu aliyelipia, naielewa. Ila gazeti likiwa na nafasi nyeupe pembeni hatulivuti lijae meza.

Na mistari ya juu na chini kwenye muvi nayo ni hadithi ile ile kwa upande mwingine. Miaka ya 1950 sinema zilikuwa zinanyang'anywa watazamaji na tivii, zikajibu kwa kupanua picha. CinemaScope ilizinduliwa mwaka 1953 kwa kazi hiyo. Mpaka leo muvi nyingi ni pana kuliko hata hizi tivii zetu bapa, ndiyo maana nyeusi inakula karibu robo ya kimo cha kioo. Ukibonyeza ijae, unakata watu wa pembeni. Halafu unauliza huyo anaongea na nani.

Kuvuta kwa rimoti kuna dawa, unabonyeza tena inarudi. Kinachoniuma ni pale uharibifu unapofanywa ndani ya faili lenyewe.

Nyumbani kuna mkanda wa VHS wa harusi ya wazazi wangu, ya 1999. Mama aliupeleka studio moja ya mtaani wauweke kwenye flashi. Wakafanya, wakalipwa, na faili likaandikwa 1080 kwa majivuno kabisa. Kumbe jamaa hawakuvuta, walikata. Kuijaza 16 kwa 9 kwa kukata picha ya 4 kwa 3 ni kutupa robo nzima ya kimo. Sasa kwenye ile picha ya pamoja nje ya kanisa, waliosimama safu ya nyuma wameishia shingoni. Safu ya nyuma yuko bibi mzaa mama, ambaye mimi sikumwahi, na hana picha nyingine ya kutembea. Mama alitazama akauliza, "mbona mama hana kichwa?" Hakuna aliyemjibu.

Wangekuwa wamevuta tu ningerekebisha mwenyewe kwa laptopu: faili la 1920 kwa 1080 unalibana upana liwe 1440, watu wanarudi wembamba kama walivyokuwa. Kilichokatwa hakirudi. Na hiyo 1080 yao haikuongeza chochote, maana mkanda wa VHS hauna hata nusu ya undani huo. Ni sawa na kuandika barua ya ukurasa mmoja kwenye daftari la kurasa mia.

Sasa nirudi kwa walimu watarajiwa. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuta shule yenye tivii darasani, bahati iliyoje. Mwenzangu mmoja akaweka video ya zamani ya duara. Tivii ilikuwa imeachwa kwenye kuvuta. Kijana wa mbele akainuka na rula akapima: upana sentimita 24, kimo sentimita 18. Akauliza, "Mwalimu, nusu kipenyo ni ipi hapa?" Darasa likacheka, lakini swali lake ni halali kabisa. Duara lenye nusu kipenyo mbili si duara. Hapo ndipo nasema jambo hili siyo urembo. Ramani ikivutwa, nchi inabadilika umbo.

Kwa hiyo mkitayarisha video za kwenda kufundishia, zingatieni haya. DVD za mfumo wa huku kwetu zina nukta 720 kwa 576. Ukigawanya unapata 1.25, ambayo si 4 kwa 3 wala si 16 kwa 9! Nukta zenyewe si mraba, na ndani ya DVD kuna alama inayoiambia deki ipanue vipi. Programu ya kubadilishia ikiipuuza alama hiyo, umeharibu. Ikiwa picha ni ya zamani itoe 768 kwa 576, ikiwa ni pana itoe 1024 kwa 576. Hakikisha kwa kutafuta kitu cha mviringo ndani ya video, tairi au saa ya ukutani, upime.

Kuhusu ukubwa wenyewe, msimalize bando kwa ushamba. Video ya 1080 ina nukta mara mbili na robo ya 720. Tivii nyingi ndogo za inchi 32 kioo chake kina nukta 1366 kwa 768 tu, hivyo hiyo 1080 yako inapunguzwa kabla hujaiona. Na hata kama kioo ni cha 1080 kweli, kwa inchi 32, ukikaa mbali zaidi ya mita mbili jicho la kawaida halitofautishi. Nani anakaa mita mbili toka kwenye tivii darasani? Labda huyo mwenye rula. Chukua 720, mfumo wa H.264, maana tivii za zamani nyingi hazisomi HEVC, na faili lisizidi GB 4 kama flashi yako ni FAT32. 4K waachieni wenye nayo.

Na ukirekodi kwa simu somo la kuonyeshwa kwenye tivii, laza simu. Ukiisimamisha, picha yako itatumia chini ya theluthi ya kioo, halafu kuna mtu atashika rimoti aivute. Namjua, anakaa bloku yetu.

Mkanda wa harusi bado tunao, ila deki yetu ilikufa zamani. Nikienda likizo nataka niuhamishe upya mwenyewe, 4 kwa 3, na nyeusi zake pembeni. Mwenye deki ya VHS inayofanya kazi, hata ya kuazima siku mbili tu, anitafute kabla hatujafunga chuo.