Nywele Kichwani, Amani Chumbani

Mwezi huu nataka kuongea na wanaume wenzangu kuhusu upara. Kina dada msifunge gazeti, maana kabla hatujafika mwisho mtaona haya mambo yanawahusu kuliko mnavyodhani.

Tusidanganyane. Wanaume tunajifanya hatujali sura, lakini kijana wa miaka 26 akiona uwaraza unapanda na paji la uso linazidi kuwa pana, roho inamuuma. Anaanza kuvaa kofia mpaka sebuleni. Akiletewa picha za harusi, cha kwanza anaangalia utosi wake. Wajomba wanamtania, "Mzee, naona umeshaanza kuwa bosi!" Anacheka nao, kisha usiku anatafuta dawa.

Mshikaji wangu mmoja, kijana wa benki mwenye mchumba, aliniuliza bila kuzunguka: "Kaka, kuna kidonge cha nywele, ila nasikia kinaua nguvu za kiume. Ninywe au nisinywe?" Nikamuuliza shemeji anasemaje. Kimya. Kumbe hajamwambia.

Kidonge chenyewe kinaitwa finasteraidi. Upara wa kurithi, ambao unaweza kuupata upande wa baba au wa mama, unahusiana na homoni inayoitwa DHT. Mwili wa mwanaume unaitengeneza kutokana na testosteroni. Kwa mwenye asili hiyo, DHT inadhoofisha mizizi ya nywele za mbele na za utosini kidogo kidogo. Kila unywele mpya unakuja mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka hauonekani tena. Finasteraidi inazuia kimeng'enya kinachotengeneza DHT.

Asili yake ni kisa cha kweli. Mwaka 1974 wanasayansi waliandika kuhusu familia za Jamhuri ya Dominika ambako baadhi ya watoto wa kiume walizaliwa wakionekana kama wasichana, halafu walipobalehe wakawa wanaume. Miili yao ilikosa kimeng'enya hicho. Ukubwani tezi dume zao zilikuwa ndogo, na hawakupata upara. Watengeneza dawa wakaona mlango hapo. Mwaka 1992 Marekani iliidhinisha kidonge cha miligramu 5, Proscar, kwa ajili ya tezi dume iliyovimba. Desemba 1997 kikafuata cha miligramu 1, Propecia, kwa ajili ya nywele.

Je, kinafanya kazi? Ndiyo. Katika majaribio ya wanaume wa miaka 18 hadi 41, baadhi walipewa dawa na wengine kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Nywele zilihesabiwa. Baada ya miaka miwili, kati ya kila 100 waliotumia dawa, 83 hawakuwa wamepungukiwa. Kwa wale wa kidonge kitupu walikuwa 28 tu.

Sasa tuje chumbani. Katika mwaka wa kwanza wa majaribio hayo, asilimia 3.8 ya waliotumia dawa walipata matatizo: hamu kushuka, uume kutosimama vizuri, au manii kupungua. Kwa wale wa kidonge kitupu ilikuwa asilimia 2.1. Yaani kati ya wanaume 100, dawa iliongeza kama wawili hivi juu ya wale ambao wangepata shida hata bila dawa. Wengi wao walirudi sawa walipoacha, na wengine hata wakiwa bado wanaendelea kumeza.

Woga nao una sehemu yake. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa wa tezi dume waliopewa finasteraidi ya miligramu 5. Waliotahadharishwa kwamba dawa inaweza kuwasumbua kwenye tendo la ndoa, asilimia 43.6 walilalamika. Wasioambiwa kitu walikuwa asilimia 15.3. Dawa ni ileile. Ukiingia kitandani unajikagua kama fundi anayesikiliza injini, gari litagoma tu!

Lakini usije ukasema basi yote ni mawazo. Wapo wanaume walioripoti kwamba waliacha dawa na tatizo halikuondoka. Mwaka 2012 Marekani iliagiza jambo hilo liandikwe kwenye karatasi ya maelezo ya dawa, na sonona ilikuwa imeshaongezwa kabla ya hapo. Mwaka 2022 yakaongezwa mawazo ya kujiua. Mwaka 2024 Uingereza ilianza kuweka kadi ya tahadhari ndani ya boksi, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikathibitisha mawazo ya kujiua kuwa moja ya madhara ya dawa hii. Taarifa za namna hii zinatoka kwa watumiaji baada ya dawa kuingia sokoni, kwa hiyo huwezi kuzigeuza asilimia. Ni nadra, lakini zimetosha kuwafanya wakubwa wabadilishe karatasi.

Hapo ndipo ninapowaita kina dada. Chukua mwanaume anayemeza kwa siri, halafu akawa mmoja wa wale wawili. Yeye anajua kuna kidonge. Mwenzake hajui. Anachoona ni mume anayegeukia ukutani wiki ya tatu sasa. Atahesabu vipi? Ana mwanamke mwingine. Au mimi nimenenepa. Au hanipendi tena. Nyumba inaweza kuvunjika kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa sentensi moja: "Mke wangu, nimeanza dawa ya nywele, ukiona nimebadilika niambie." Na sonona nayo, mara nyingi anayekuwa wa kwanza kuiona ni yule anayelala pembeni yako.

Kuna la mtoto pia. Wapo waliopata upungufu wa ubora wa mbegu wakiwa kwenye dawa hii, ukaimarika walipoacha. Kama miezi inapita na mnatafuta ujauzito, daktari lazima ajue unachomeza. Halafu kuna mchezo wa kununua kidonge cha miligramu 5 kwa kuwa kinatoka rahisi, kisha kukikata vipande kwa kisu cha jikoni. Kidonge kizima kina ganda la nje. Kikivunjika au kusagika, mwanamke mjamzito hatakiwi kukigusa, kwa sababu dawa inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Kumbuka wale watoto wa Dominika. Sasa wewe umeacha unga mezani, na mkeo ndiye anayefuta meza.

Mshikaji wangu mwisho alimwambia mchumba wake. Shemeji alicheka kwanza, maana uwaraza aliuona siku nyingi na hakuwahi kuujali. Kisha akauliza swali la maana: "Mtoto tunamtaka lini?" Wakakubaliana mtoto kwanza, kidonge kitajadiliwa baadaye. Huo ni uamuzi wao. Wewe na wako mnaweza kuamua tofauti, mradi mmeamua wawili.

Msimamo wangu ni huu. Kama umewahi kuugua sonona, au chumbani tayari kuna shida, au mnatafuta mtoto mwaka huu, sioni haraka ya kukimbilia kidonge. Kama afya iko sawa na upara unakunyima raha kweli, kujaribu si dhambi. Ila anza kwa daktari wa ngozi, usianzie kwa rafiki. Nywele zinaweza kupungua kwa mapunye, kwa tezi ya shingo au kwa upungufu wa damu, na hapo finasteraidi haikusaidii kitu.

Ukianza, jipe miezi mitatu au zaidi kabla ya kulalamika kwamba huoni kitu, na ukifika mwaka kaa na mwenzako mpime. Ukijiona una huzuni usiyoielewa, au mawazo ya kujidhuru, acha siku hiyohiyo, mwambie mtu wa karibu na umwone daktari. Usichangie damu mpaka uwe umeacha kwa mwezi mzima, maana damu hiyo inaweza kwenda kwa mjamzito. Na ujue unaingia kwenye nyumba ya kupanga: siku ukiacha kulipa, unatoka. Ndani ya miezi 12 baada ya kuacha, nywele ulizookoa zinaondoka.

Njia nyingine zipo. Minoksidili ya kupaka haigusi homoni. Ilianza kama dawa ya presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele. Nayo inataka uvumilivu, na inaweza kuwasha ngozi. Halafu kuna ile ya bei rahisi kuliko zote: kiti cha kinyozi, wembe, na mafuta kidogo. Tangu enzi za Michael Jordan, kipara kinachong'aa hakihitaji kuombewa radhi.

Kwa hiyo kaka, kabla hujameza, geuka upande wa pili wa kitanda uongee. Na wewe dada, akikuambia, usimcheke sana. Amejikaza mpaka kufikia kusema.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.